Piga Kelele, Unipe Mkono

Tulipoachana wiki iliyopita nilikuwa nimesimama nje ya kituo cha polisi, nacheka na kulia kwa wakati mmoja, wapita njia wakinikwepa. Kesi yangu ilikuwa imefutwa.

Kwa aliyeikosa sehemu ile: mimi ni Tak Mi-ran, mwalimu wa darasa la tatu hapa Samcheok, pwani ya Korea. Mwanafunzi wangu aitwaye Da-on aliruka kutoka juu ya ngazi za shule, nami nikamdaka mkono asije akavunjika shingo. Mkono ukabaki na alama nyekundu. Mama yake akaniripoti kwamba namtesa mtoto. Nikaondolewa darasani, nikahojiwa, nikakonda hadi sketi zikawa zinanizunguka kiunoni. Mwisho mpelelezi akasema sina kosa, rudi kazini.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe yalikuwa ndiyo kwanza yanajifunga kibwebwe.

Siku niliyorudi darasani, watoto walinipokea kwa vifijo. Tae-gyeom, mtundu wangu mkubwa, alinijia mbio mikono wazi anikumbatie.

"Mwalimu karudi! Mwalimu karudi!"

Nikaruka nyuma, nikainua mikono juu kama mtu aliyeelekezewa bastola.

Darasa zima likaangua kicheko. Walidhani ni mchezo. Kuanzia hapo, kila nilipopita kati ya madawati, watoto waliinua mikono juu na kujifanya wamekamatwa. Nami nilicheka nao. Nilicheka huku jasho likinitiririka mgongoni.

Mmoja tu hakucheka. Da-on alikuwa amekaa peke yake kando ya dirisha, anachonga penseli ambayo ilikuwa imekwisha kuchongeka.

Mchana ule Mwalimu Mkuu Byeon aliniita ofisini. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na hiyo sauti ndiyo inayonitisha.

"Mwalimu Tak, pole sana na yaliyokupata. Tumeshukuru umerudi."

"Asante, Mwalimu Mkuu."

"Sasa nisikilize. Yule mtoto usimguse."

"Simgusi."

"Namaanisha usimguse kabisa. Hata akianguka. Akianguka, mwite mwenzake amwinue."

Nilidhani anatania. Nikamtazama usoni. Hakuwa anatania.

"Na kama hakuna mwenzake karibu?"

Akakohoa, akaanza kupanga kalamu zake mezani. "Tuombe asianguke," akasema.

Na juma lile ndilo lililokuwa na safari.

Kila mwaka, majani yanapogeuka manjano, darasa la tatu hupelekwa milimani kuona pango. Nilijaribu kila hila nisiende. Nilisema tumbo linaniuma. Nilisema nimechoka. Nilimwendea Mwalimu Ok, mzee anayefundisha mkondo wa pili wa darasa la tatu, nikamwomba achukue watoto wangu pamoja na wake.

Mwalimu Ok amefundisha tangu mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Alicheka hadi meno ya bandia yakacheza.

"Binti yangu, watoto wote hao peke yangu? Mimi nikienda chooni lazima nipumzike njiani!"

"Naogopa, Mwalimu Ok."

Akaacha kucheka. "Na mimi naogopa," akasema. "Sote tunaogopa. Zamani mzazi alikuwa anakuletea matunda ya persimoni na kukwambia, 'Mwalimu, huyu akizidi, mchape.' Leo unamwambia mtoto afute pua, usiku unaota uko mahakamani. Lakini twende. Tukifungwa, tutafungwa wote, utanisomea magazeti."

Asubuhi ya safari, mama yangu aliamka mapema kuniviringishia gimbap, wali uliofungwa kwa mwani. Mama anauza ngisi wa kukausha pale bandarini, na jambo analojivunia kuliko yote duniani ni kuwa mama wa mwalimu.

"Mbona huli, Mi-ran?"

"Sina njaa, Mama."

"Mwalimu gani anapanda mlima na tumbo tupu? Kula. Kazi ya heshima hii. Hata yule mama wa samaki wa kuchoma ananisalimu kwa kuinama."

Nikatia tonge mdomoni. Sijawahi kumwambia mama kwamba nilihojiwa polisi. Alidhani siku zile nilizokuwa nyumbani nilikuwa likizo.

Tulipanda basi. Tulipotoka lango la shule nilitazama nyuma kuhakikisha hakuna mtoto aliyeachwa.

Gari jeupe lilikuwa linatufuata.

Nikaliona tulipopita soko. Nikaliona tulipoacha barabara ya pwani na kuanza kupanda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nikajiambia, magari meupe ni mengi. Halafu kwenye kona moja jua likapiga kioo cha mbele, nikamwona dereva.

Mama Da-on.

Ni mwanamke mwembamba, nywele zimebanwa nyuma bila unywele mmoja kutoroka, mwenye duka la miwani karibu na soko. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na kuukazia macho mgongo wa basi letu.

"Mwalimu, umeona mzimu?" Tae-gyeom aliniuliza.

"Kaa chini, Tae-gyeom. Funga mkanda."

Pangoni kuna sheria moja, nayo ni ya zamani: watoto huenda wawili wawili, wameshikana mikono. Kule ndani kuna giza na maji, na mtoto aliyeshikwa hapotei.

Nikawapanga mbele ya mlango. Hesabu ya darasa langu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo mmoja lazima abaki. Nikamwita Yu-bin, msichana mpole kuliko wote.

"Yu-bin, nyie mtakuwa watatu. Mshike Da-on mkono."

Yu-bin akaficha mikono nyuma.

"Mama kanikataza," akasema.

"Kakukataza nini?"

"Nisimshike Da-on. Eti ukimshika unapelekwa polisi."

"Na mimi mama kaniambia hivyo hivyo!" akadakia mwingine. "Eti nisikae karibu naye hata kidogo."

"Mimi baba kasema ni mtoto wa kioo. Ukimgusa kavunjika, unalipa!"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watoto wanavyocheka neno jipya. Nikawakemea, wakanyamaza. Lakini Da-on alikuwa amesikia yote. Alikuwa anatazama ncha za viatu vyake, na kofia ngumu waliyompa mlangoni ilikuwa kubwa, imemfunika nyusi.

Nilitaka kumpa mkono wangu. Mungu ni shahidi yangu, mkono ulinyanyuka. Kisha nikatazama kule kwenye maegesho. Gari jeupe lilikuwa limesimama, na Mama Da-on alikuwa nje, amejishika kiuno, anatutazama.

Nikatia mikono yangu yote miwili mfukoni.

"Da-on," nikasema, "wewe utatembea na mimi. Kaa karibu yangu."

Akaitazama ile mifuko. "Ndiyo, Mwalimu," akajibu.

Tukaingia. Kijana mwongozaji, Bwana Ma, alitutangulia na filimbi yake. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, na mto unaopita ndani ya pango ulikuwa unanguruma chini ya madaraja ya chuma. Matone yalituangukia shingoni. Watoto walipiga mayowe ya raha kusikia mwangwi.

Da-on alitembea pembeni yangu, kimya. Kila baada ya muda niligeuka kumwona. Yupo. Nageuka tena. Yupo.

Tukafika kwenye daraja jembamba, mahali pa kupita mmoja mmoja. Katikati ya daraja Tae-gyeom, yule jogoo wangu, alitazama chini kwenye maji, akaganda.

"Siwezi! Siwezi! Naanguka!"

Akaketi papo hapo, akakumbatia vyuma, akaanza kulia. Nyuma yake foleni ikakwama, watoto wakaanza kusukumana. Nikajipenyeza hadi kwake, nikachuchumaa.

"Nitazame mimi, Tae-gyeom. Usitazame maji. Nitazame pua."

"Pua yako ni kubwa, Mwalimu," akasema katikati ya kwikwi.

"Ndiyo, kubwa. Ifuate hiyo hiyo."

Nikamsogeza hatua kwa hatua. Alipofika ng'ambo akatapika gimbap yote aliyokula ndani ya basi juu ya viatu vyangu. Nikamfuta. Nikawavusha waliobaki. Tukaharakisha kutoka, maana wengine nao walianza kulia kwa kumwona yeye akilia.

Nje, juani, nikawahesabu.

Nikawahesabu tena.

Mtoto mmoja hayupo.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mwili wangu ulijua kabla ya kichwa. Sauti za watoto zikawa zinatoka mbali kama chini ya maji.

"Da-on yuko wapi?" nikauliza. "Nani amemwona Da-on?"

Wakatazamana.

"Hatukumshika, Mwalimu," akasema Yu-bin. "Hakuna aliyemshika."

Mwalimu Ok alikuwa nje tayari na darasa lake, wanakula. Aliponiona uso wangu alitupa vijiti vyake vya kulia chini.

"Kaa na wangu," nikamwambia.

"Mi-ran, ngoja waokoaji..."

"Kaa na wangu!"

Bwana Ma alipiga simu ya dharura, akikosea namba mara mbili. Kisha tukaingia wote wawili. Ndani njia inagawanyika: moja ya juu, moja ya chini. Yeye akachukua ya juu, mimi nikachukua ya chini na tochi yake ya akiba.

Nilikuwa nimepita hapo muda mfupi uliopita na darasa zima, na hapakunitisha. Sasa nilikuwa peke yangu na kila jiwe lilikuwa na umbo la mtoto. Niliita. Pango lilinirudishia sauti yangu mwenyewe: Da-on, Da-on, on, on.

Nikasimama, nikabana pumzi.

Chini ya ngurumo ya maji nikasikia kitu. Sauti ndogo, nyembamba, inayoimba bila wimbo.

"Saba mara tano, thelathini na tano. Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba..."

Jedwali la saba. Nililowafundisha mimi.

"Arobaini na tisa!" nikapiga kelele. "Da-on! Saba mara nane?"

Kisha: "Hamsini na sita!"

Nikaifuata ile sauti. Alikuwa chini ya daraja, upande wa nje wa vyuma. Alikuwa amepita chini ya kizuizi, akateleza kwenye mteremko wa jiwe, na sasa alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba uliolowa, kang'ang'ania kibonge cha jiwe kwa mikono yote miwili. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya maji. Maji yalikuwa yanauvuta ule mguu, nauona unavyochezeshwa.

Kofia yake ilikuwa imekwenda na mto.

"Usijongee," nikasema. "Nakuja."

Nikalala kwenye daraja, nikapenyeza kichwa na bega chini ya vyuma, nikanyoosha mkono. Vidole vyangu vilifika karibu na kifundo cha mkono wake. Karibu tu.

"Nipe mkono, Da-on."

Akatikisa kichwa.

"Nipe mkono!"

"Mama kasema usiniguse." Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi. "Kasema ukinigusa nipige kelele."

Wasomaji wangu, nimeogopa mara nyingi katika mkasa huu. Niliogopa polisi waliponiita jina langu lote. Niliogopa mbele ya Mwalimu Mkuu. Lakini hofu ya pale ilikuwa ya namna nyingine. Mtoto alikuwa anachagua kati ya mto na mkono wangu, na hakuwa na hakika upi ni mbaya zaidi.

"Da-on, kwa nini ulipita huku?"

"Nilitaka kuona kama kuna atakayerudi kunitafuta."

"Nimerudi."

"Umechelewa."

"Nimechelewa, kweli. Nisamehe. Sasa nipe mkono."

"Mama ataniuliza kama nilipiga kelele."

Jiwe likamponyoka mkono mmoja. Akateleza, goti likaingia majini.

"Basi piga kelele!" nikamwambia. "Piga kelele kwa nguvu zako zote! Piga kelele, halafu unipe mkono!"

Akanitazama. Akavuta pumzi. Akafumba macho.

"Usinigusee! Mwalimu, usinigusee!"

Na akanyoosha mkono.

Nikaudaka. Wakati ule ule miguu yake yote ikaachana na mwamba, na uzito wake wote, pamoja na uzito wa mto, ukaning'inia kwenye vidole vyangu. Nikavuta. Naye anapiga kelele, usiniguse, usiniguse, mwangwi unazirudia kelele zake juu, chini, kila upande, kana kwamba kuna watoto mia mle ndani wanaoteswa. Nikavuta kwa nguvu ambazo sikujua ninazo. Nikasikia kitu begani mwake kikalia ko!

Akaacha maneno, akabaki na yowe tupu.

Nikamfikisha darajani. Tukalala pale chali, mimi nahema, yeye analia, mkono wake wa kushoto umening'inia vibaya. Nikavua koti, nikamfunga. Nikamgeuzia mgongo, nikambeba kama mama zetu walivyotubeba, nikaanza kutembea.

Alikuwa mwepesi ajabu. Kidevu chake kilikuwa begani mwangu.

"Mwalimu."

"Naam, mwanangu."

"Umenivuta kwa nguvu sana."

"Nimekuumiza. Samahani."

"Hapana," akasema. "Ni vizuri."

Tukaenda kidogo. Kisha akanong'ona, mdomo wake karibu na sikio langu:

"Usimwambie Mama kwamba wenzangu hawanishiki."

"Kwa nini?"

"Atawapigia simu mama zao wote. Halafu hata Yu-bin, ambaye huwa ananisalimu, ataacha. Niahidi."

Nikafikiri juu ya maswali yanayonisubiri nje. Nikafikiri juu ya jibu moja la kweli ambalo lingeweza kunikinga.

"Nakuahidi," nikasema.

Tulipotokeza kwenye mwanga, nilikuta umati. Waokoaji na machela. Polisi mmoja mwenye mvi kutoka kituo cha bondeni. Mwalimu Ok akiwa amewageuza watoto wasitazame. Na Bwana Ma, aliyekwisha kutoka kwa ile njia ya juu, rangi imemtoka, anaeleza kwa mikono.

"...akipiga kelele 'Mwalimu, usiniguse!' Nimesikia kwa masikio yangu. Sote tumesikia. Hata hawa walio nje wamesikia."

Akaniona, akanyamaza katikati ya neno.

Mama Da-on alipita kati ya watu kama kisu. Alimtoa mtoto mgongoni mwangu, akamweka kwenye machela, akafunua koti langu. Akauona ule mkono. Juu ya kifundo, vidole vyangu vinne vilikuwa vimejichora, vyekundu, mahali pale pale kama mara ile.

"Nani kakufanya hivi?" akamwuliza.

Da-on alikuwa anatabasamu. Midomo ilikuwa ya buluu kwa baridi, lakini alikuwa anatabasamu.

"Mwalimu alinivuta, Mama! Kwa nguvu sana!"

Alilisema kwa fahari, kama mtoto anayesimulia baba yake alivyopiga goli. Lakini hakuna aliyekuwa anamtazama usoni. Wote walikuwa wanatazama mkono.

Polisi akatoa kalamu. "Kwa nguvu sana?" akauliza.

"Sana! Mpaka bega likalia ko!"

"Nawe ulimwambia asikuguse?"

"Ndiyo," akasema Da-on. "Nilipiga kelele vizuri, Mama. Kama ulivyonifundisha."

Nikafungua mdomo. Simu yangu ikalia. Mwalimu Mkuu Byeon.

"Mwalimu Tak! Nimesikia! Ulimgusa?"

Hakuuliza kama mtoto yu hai. Nitaikumbuka hiyo hadi nastaafu, kama watanifikisha huko.

"Nilimgusa," nikasema, nikakata simu.

Mwalimu Ok akaja kusimama kando yangu. "Afande," akasema, "mtoto alikuwa ameanguka. Mwone, kalowa hadi kiunoni. Huyu binti kamwokoa."

"Ulimwona akimwokoa, mzee?"

Mwalimu Ok akageuka kuutazama mlango wa pango. Hakuona. Hakuna aliyeona. Mle ndani tulikuwa wawili.

"Mtoto atahojiwa akishatibiwa," polisi akasema. "Mwalimu, wewe utafuatana nami hadi kituoni."

Basi. Nikaanza kutembea kuelekea gari lake. Miguu iliijua njia. Nilimwona mama yangu akilini, pale bandarini, akigeuza ngisi juani, na mama wa samaki wa kuchoma asiyemwinamia tena.

"Ngoja!"

Alikuwa Mama Da-on. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa ambulensi.

"Huyo aje na sisi," akasema.

Polisi akashangaa. "Mama, huyu ndiye..."

"Namjua ni nani. Aje humu. Nina swali, na nataka alijibu mbele ya mwanangu. Ukitaka, tufuate nyuma na gari lako."

Sijui ni kwa nini nilipanda. Mtu anayeogopa sana hufuata sauti iliyo kali kuliko zote.

Mlango ukafungwa. Tukaanza kushuka mlima. Mhudumu alikuwa upande wa kichwani, anaweka sindano ya maumivu. Da-on alikuwa amelazwa katikati, amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Mama yake alikuwa ameketi mkabala nami, magoti yetu yanakaribia kugusana kila gari linapokata kona.

Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka juu ya goti. Nukta nyekundu ikawaka. Inarekodi.

Hapo ndipo nilipoitazama mikono yake kwa mara ya kwanza. Kucha zilikuwa zimetafunwa hadi kwenye nyama. Unywele mmoja ulikuwa umetoroka, umemwangukia jichoni, na hakuuondoa.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake haikuwa kali tena. "Nilikuwa nimesimama pale maegesho. Niliwaona mkiingia na niliwaona mkitoka. Watoto wote walikuwa wawili wawili, wameshikana. Kila mtoto."

"Ndiyo."

"Mwanangu alikuwa ameshikwa na nani?"

Nikaitazama ile nukta.

"Alikuwa akitembea na mimi."

"Sikuuliza alitembea na nani. Niliona mikono yako, ilikuwa mfukoni. Na niliona yule msichana alivyoficha yake nyuma." Akainama mbele. "Kuna nini darasani kwako ambacho mwanangu ananificha? Sema. Ukinyamaza, nitawaachia polisi walitafsiri lile yowe kwa namna wanavyotaka. Ukisema, ninasikiliza. Kwa nini hakuna aliyemshika?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Kwa sababu yako, mama. Maneno manne tu, yote ya kweli, na labda yangeniokoa.

Nikamtazama Da-on. Hakuwa anatabasamu tena. Alinitumbulia macho, na taratibu, ili mama yake asione, akatikisa kichwa.

"Nakusubiri, Mwalimu."

Mhudumu alijifanya anasoma mashine. Nukta nyekundu iliendelea kuwaka. Gari likakata kona, na kitu kikasogea chini ya blanketi. Vidole vidogo, vya baridi, vikatokeza pembeni, vikapapasa hewani hadi vikapata mkono wangu. Vikaushika.

Sikuwa nimemgusa. Yeye ndiye aliyenigusa. Lakini ni nani angeuliza hilo?

Mama Da-on akayashusha macho yake. Akaiona mikono yetu. Uso wake ukabadilika, na sijui niuiteje ule uso. Haukuwa wa hasira peke yake.

"Mwachie," akasema.

Sikujua alikuwa anamwambia nani kati yetu. Nikasubiri aseme tena. Da-on naye akasubiri.

Hakuna aliyeachia.